Baraza la Mama: Jioni ya Wiski Kashai

Mwezi uliopita tulizungumza habari za uji wa mtoto anayeachishwa ziwa, na leo nawaletea chupa ya wiski. Najua baadhi yenu mtashtuka. Nivumilieni, maana jambo hili lilikuja lenyewe mlangoni kwangu, sikulifuata.

Ilikuwa Desemba, wakati Wahaya walio mbali wanaporudi nyumbani kula sikukuu. Rafiki wa mume wangu, ambaye walisoma darasa moja tangu shule ya msingi, alikuja kutoka Marekani. Anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji ambao anasema siku hizi mtu aweza kuzunguka dukani na kanisani akizungumza Kiswahili, kwa sababu ya ndugu zetu wengi kutoka Kongo waliohamia huko. Alitujia na zawadi za watoto, tukala ekitoke, tukacheka. Alipokuwa akiaga akamwambia mume wangu, "Kesho jioni tukutane Kashai. Kuna ile baa ya nyama choma, wana steki nzuri. Nimekuja na chupa ya wiski ya kwetu kule, inaitwa bourbon. Nataka uionje."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama vyombo.

Yafaa mjue kwamba baba watoto wangu aliacha pombe mwaka 2016. Sitaeleza yote. Itoshe kusema kwamba mwaka ule mtoto wetu wa pili alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nami nilikuwa nimeitoa ada hiyo kwa mkono wangu. Ilikuwa imelipwa, lakini ililipwa kaunta. Tangu hapo hajaonja, na rafiki yake hakuwa na habari hiyo, maana walikuwa hawajaonana miaka mingi. Mwanaume hutangaza anapoanza kunywa, lakini anapoacha huona haya kusema.

Usiku ule nililala macho. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, na nyote mnayajua maneno hayo, hamhitaji niyaandike. Asubuhi, kabla sijayasema, yeye akatangulia. "Mama, nisipokwenda ataona nimemdharau. Nikienda peke yangu sijiamini. Twende wote." Katika miaka ishirini na zaidi ya ndoa sikumbuki kama aliwahi kuniambia kwamba hajiamini. Nikakubali. Tukapatana mambo kabla ya kutoka: tutakula kwanza nyumbani, ili tusifike na njaa, yeye ataagiza kinywaji chake mwenyewe mara tu tukiketi, asingoje kuulizwa, na saa tatu usiku dereva wa bajaji tunayemfahamu atatufuata mlangoni. Nawaambia haya kwa kuwa yalisaidia kuliko maombi yangu ya usiku kucha, ijapokuwa sisemi msiombe.

Kashai wengi mnaifahamu, ni sehemu yenye watu wengi katika mji wetu wa Bukoba. Baa yenyewe ilikuwa safi. Jiko la nyama lilikuwa nje, moshi wake unakukaribisha kabla hujafika, na ndani ya kaunta kulikuwa na rafu ya vioo yenye taa nyuma yake, chupa zimepangwa kama vitabu vya maktaba. Mezani tuliletewa steki iliyokatwakatwa, ndizi za kuchoma, kachumbari, na sahani ya senene waliokaangwa vizuri, maana ndio ulikuwa msimu wake. Mume wangu aliagiza Tangawizi kabla hajavuta kiti. Rafiki yake alicheka kidogo, akadhani ni utani.

Akatoa chupa yake. Mwenye baa alimtoza kitu kidogo cha kuifungulia pale, kisha akaleta na toti ya bourbon nyingine kutoka kwenye rafu yake, ili walinganishe. Niliuliza bei ya toti hiyo. Tatu tu zingekaribia kilo ya steki buchani. Nikanyamaza, lakini hesabu niliifanya, kama ambavyo kila mama aliyeketi mahali kama pale huifanya.

Basi shemeji akaanza kutufundisha, na nakiri alinivutia. Alisema bourbon ni wiski ya mahindi. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka zake iwe mahindi. Nyingine ni shayiri, ngano au rai. Nafaka husagwa, hupikwa kama uji, huchachuliwa, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Kinachotoka ni cheupe kama maji. Rangi ile ya asali haitoki kwenye mahindi hata kidogo. Inatoka kwenye pipa la mti wa mwaloni, ambalo lazima liwe jipya na liwe limeunguzwa kwa moto upande wa ndani hadi likawa mkaa. Kinywaji hulala humo miaka, kikinywa sukari ya mti ulioungua. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitamka kwamba kinywaji hicho ni cha taifa hilo peke yake, na mtu wa nchi nyingine haruhusiwi kukiuza kwao kwa jina hilo.

"Na tena shemeji," akaniambia, kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa kanisa, "aliyeanza kuunguza mapipa hayo alikuwa mhubiri wa Kibaptisti." Alimtaja, Elijah Craig, aliyeishi Kentucky mwishoni mwa karne ya 18. Nimesoma baadaye kwamba mhubiri huyo alikuwapo kweli na alikuwa na mtambo wa pombe, lakini wanahistoria hawakubali kwamba ndiye aliyevumbua jambo hilo. Wauzaji waliipenda hadithi kwa sababu inaipa chupa usafi wa mimbari. Wanaume wanapotaka kunywa hawakosi mchungaji wa kumtanguliza.

Akamimina glasi tatu. Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda. Mume wangu aliinua yake, akainusa. Alikaa nayo puani muda ambao mimi niliuona mrefu kama ibada ya Ijumaa Kuu. Kisha akaisogeza mbele yangu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ndugu yangu, mimi niliacha. Ilinishinda. Mwache mama aonje, aniambie ikoje."

Rafiki yake alinyamaza. Kisha akasema pole, akasema hakujua, akataka kuiondoa chupa mezani. Mume wangu akamzuia.

Sasa wengine mtanilaumu, na mna haki. Nilionja. Nililowesha ulimi tu, lakini nilionja. Iliwaka, halafu ikafuata harufu ya sukari iliyoungua, na nyuma yake vanila, hii hii vanila inayolimwa hapa kwetu Kagera. Shemeji alisema harufu hiyo hutoka kwenye mti wa pipa. Lakini kabla ya vanila, pale ilipowaka, mimi nilikuwa nimeijua. Ilikuwa enkonyagi ya mama yangu.

Sijapata kuandika habari hii hapa barazani. Nimezaliwa kijijini Muleba, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye enkonyagi, ambayo sehemu nyingine za nchi huitwa gongo. Baba alikamua rubisi kama wazee wote: ndizi za pombe zimeivishwa, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, maji yake yanachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na siku ya pili kuna rubisi ya kunywa wageni. Rubisi haikuwa na aibu. Hakuna posa wala harusi iliyofanyika bila hiyo. Ilipozidi kuchacha, mama aliichukua. Aliichemsha kwenye pipa nyuma ya migomba, mvuke ukapita katika mrija wa shaba uliozamishwa majini, ukadondoka tone tone kwenye chupa. Cheupe kama maji, vile vile kama cha Kentucky. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na pipa la mwaloni wala miaka ya kungoja. Mteja alikuwa mlangoni jioni ile ile.

Tena kulikuwa na polisi. Sheria ya moshi ilitungwa mwaka 1966, nayo inakataza mtu kuchemsha pombe hiyo bila leseni. Mimi nilikuwa nikitumwa na chupa ndani ya kikapu, juu zimefunikwa ndizi mbichi, na nikifundishwa la kusema nikiulizwa. Jumapili tulikaa viti vya mbele.

Lakini aliyenijia mawazoni pale Kashai, nikiwa na ile glasi mkononi, hakuwa polisi. Alikuwa jirani yetu mmoja, mke wa mteja. Alikuja jioni moja na watoto wake wawili, akasimama mlangoni bila kuketi, akamwambia mama yangu, "Naomba usimwuzie tena. Watoto hawa hawana daftari." Mama akainama, akajibu kwamba na mimi ninahitaji daftari. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Yule mama akaondoka, na mume wake akaja kesho yake kama kawaida. Mimi nilikwenda shule. Zile zilikuwa daftari za watoto wale, na mwaka 2016 mtoto wangu aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa mama yule.

Kwa hiyo naomba tusiidharau pombe ya bondeni na kuiheshimu ya kwenye vioo. Ni ndugu wa tumbo moja. Bourbon haiwezi kuwa na kilevi chini ya asilimia 40, na toti moja ndogo huchukua mwili yapata saa moja kuimaliza. Hakuna kinachoharakisha. Wala kahawa, ijapokuwa sisi ni watu wa kahawa na wengi wenu mmekuwa mkimkorogea baba vikombe viwili vyeusi mkidhani vinamrudisha. Kahawa humfanya mlevi awe macho tu. Shirika la Kimataifa linalochunguza saratani liliiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika tangu mwaka 1988, na humo haikutenganishwa ya bei kubwa na ya bei ndogo. Kwa mama mwenye mimba ndiyo kabisa, hata kidogo kisionjwe, kwa kuwa kinachofika kwako kinafika kwa mtoto, naye hana ini lililokomaa la kukiondoa.

Kuna tofauti moja ambayo ni ya kweli, na hiyo lazima niiseme kwa akina mama ambao waume wao au vijana wao hunywa za kuchemshwa mafichoni. Chupa iliyotoka kiwandani hupimwa. Iliyotoka gizani haipimwi, na wauzaji wenye tamaa huiongeza nguvu kwa methanoli, kilevi cha viwandani ambacho kwa macho na kwa harufu huwezi kukitambua. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya mia moja walikufa. Kabale, ng'ambo ya mpaka wetu huku Uganda, Aprili 2010, walikufa zaidi ya 80 kwa waragi wa namna hiyo. Vijiko vichache tu vya chakula vyatosha kupofusha au kuua. Ubaya wake ni kwamba mtu hulala akaamka anafikiri ni uchovu wa jana, na dalili huja baada ya nusu siku au siku nzima: tumbo, kutapika, kuhema haraka, na macho kuona ukungu mweupe. Mtu akisema haoni vizuri siku ya pili baada ya kunywa, usimkemee wala usimpe maziwa ukangoja. Mpeleke hospitali saa ile ile na useme wazi alikunywa nini. Dawa ipo, lakini haingoji aibu yetu.

Na viroba mnavikumbuka, vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa vinauzwa hadi kwenye vibanda vya pipi, watoto wakivitia kwenye mifuko ya sare. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mimi ni mmoja wa waliopiga vigelegele.

Lakini marufuku peke yake, hata ikiwa nzuri, haimalizi neno. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenihadithia habari za mama mmoja wa kwao, Carrie Nation, nami nikaenda kuzitafuta zaidi. Alizaliwa Kentucky huko huko mwaka 1846. Mume wake wa kwanza alikuwa daktari, na pombe ikamuua kijana, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Baadaye akahamia Kansas, jimbo ambalo baa zilikuwa zimekatazwa kwa sheria lakini zilikuwa wazi mchana kweupe. Mwaka 1900 akaanza kuzivunja. Alianza kwa mawe, kisha akachukua shoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nguo nyeusi, anaingia akiimba tenzi za dini huku akipasua vioo na mapipa. Walimtia ndani mara nyingi, yapata thelathini, naye akalipa faini kwa kuuza vibanio vidogo vyenye umbo la shoka. Wapo wengine waliokwenda kwa upole zaidi: chama cha wanawake Wakristo cha kupinga pombe kilianzishwa Marekani mwaka 1874, wakavaa utepe mweupe, wakasali mbele ya milango ya vilabu. Jitihada zao zilichangia pombe kukatazwa nchi nzima mwaka 1920. Mwaka 1933 sheria ile ikafutwa, baada ya watu kuchemsha za gizani na wengi kuumia. Mimi sina shoka, na baa ya Kashai niliikalia kitini kwa adabu. Ila yule mwanamke namwelewa vizuri mno.

Wengi wetu tunaipenda Mithali 31, na tunaisomea kwenye harusi kuanzia mstari wa 10, pale penye mke mwema na taa yake isiyozimika. Safari ijayo mwanzie mwanzo wa sura. Kabla ya mke mwema yupo mama, mama yake mfalme Lemueli, anamkalisha mwanawe mkubwa na kumweleza habari za kileo na kazi ya mtu mwenye madaraka. Anamwonya kama mtu anayempenda, kabla ya ulevi na si baada yake. Nimejiuliza ni wangapi kati yetu wamekaa na vijana wao wa kiume namna hiyo kabla hawajaenda chuo. Mimi wa kwangu sikukaa naye. Wa pili nimeanza.

Saa tatu bajaji ilikuja kama tulivyopatana. Shemeji alikuwa amekunywa toti mbili tu, na nadhani angekunywa zaidi kama si maneno ya rafiki yake. Walikuwa wamezungumza saa nzima habari za wazazi wao waliofariki, na sikumbuki kama kuna aliyeitazama chupa. Mlangoni akatukabidhi chupa ile ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Alisema hawezi kurudi nayo, na kwa mila zetu hutupi zawadi usoni mwa aliyekupa. Mume wangu akaniachia mimi niibebe. Njia nzima niliipakata kama mtoto wa mtu mwingine.

Nyumbani niliifungia kabatini, ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu wa kanisani. Kwa siku nne nilikuwa nikiamka usiku na kwenda kutazama. Sijivunii jambo hilo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amelala fofofo, na nilipomwambia baadaye aliniambia angalau ningemwuliza, angenijibu. Alisema kweli.

Mkesha wa Krismasi mama yangu akaja kutoka Muleba kula sikukuu nasi. Sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, na enkonyagi aliiacha miaka mingi iliyopita, mdogo wetu wa mwisho alipomaliza shule. Nilifungua kabati kutoa vikombe vya wageni, akaiona chupa. "Hiyo ni nini?" Nikamweleza. Akaniomba niilete. Hakuionja. Alimimina tone kiganjani, akasugua viganja viwili, akanusa kwa muda, macho amefumba, kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenzake.

"Mpishi wake anajua kazi," akasema. "Ila ameliachia pipa likaungua."

Nilicheka hadi mume wangu akaja kuona kuna nini. Nikamweleza mama kwamba huko wanaliunguza makusudi. Akatikisa kichwa, hakuamini. Akasema kama haina mwenyewe, yeye ataondoka nayo ajichue magoti, nami nikaitoa mikononi mwangu kwa furaha. Akaifunga vizuri kwenye kitenge chake. Halafu akakaa kimya, akaniuliza kama huko Marekani nako wake za wanywaji walikuwa wanakuja mlangoni kwa mwuzaji.

Sikujua kwamba na yeye alikuwa hajamsahau yule jirani.

"Walikuja, mama," nikamwambia. "Tena mmoja alikuja na shoka."